Kilomita Tatu za Karvandwadi

Kila asubuhi kituoni Fittja hakukosi mtu wa kulalamika kwamba basi limechelewa dakika mbili, na kila asubuhi Damian Mapunda alimkata mtu huyo jicho. Alikuwa ameishi Stockholm miaka ishirini na mitano, na alishajua kwamba huku watu hawasemeshani kituoni. Lakini moyoni aligombana nao wote, mmoja mmoja, hadi basi lilipokuja, na alipofika kazini Sundbyberg alikuwa tayari amechoshwa na ugomvi ambao hakuna mwingine aliyeusikia.

Ndivyo alivyokuwa. Mkewe, Concessa, mwanamke wa Uvira, Kongo, aliyekutana naye kwenye kwaya, alizoea kuwaambia wageni kwamba mume wake hana hasira, ila hasira zinamjua anakokaa. Damian alikerwa na chumba cha kufulia cha jengo lao, ambacho ulitakiwa kuandikisha zamu wiki nzima kabla, kana kwamba nguo hupanga siku ya kuchafuka. Alikerwa na binti yake Akili, ambaye ukimuuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiswidi huku macho yake yako kwenye simu. Zaidi ya yote alikerwa na fomu, na hapo ndipo palipokuwa na shida, maana kazi yake ilikuwa fomu.

Alikuja mwaka 1986 kutoka Namtumbo, kusini mwa Tanzania, kijana wa mafunzo, ajifunze kupima barabara kwa miaka miwili kisha arudi. Miwili ikazaa mitatu, mitatu ikazaa ndoa. Akafagia shule, akapanga barua posta, akaogesha wazee wa watu, na hatimaye mwaka 1998 akapata kazi iliyofanana kidogo na kile alichosomea. Ilikuwa ofisi ya watu saba, ghorofa ya tatu, juu ya daktari wa meno. Mifuko ya misaada iliyotaka kujenga kitu katika vijiji vya mbali ilileta hapo karatasi za vijiji hivyo, na ofisi ilihakikisha kwamba namba zilizoandikwa ni za kweli. Kila mtu alikuwa na safu zake. Wengine walikagua maji, wengine shule. Damian alikuwa na safu mbili tu: watu wangapi wanaishi kijijini, na kituo cha basi kiko mbali kiasi gani. Hakuna karatasi iliyotoka bila saini yake chini ya safu hizo, na jambo hilo, pamoja na manung'uniko yake yote, lilimpa fahari kubwa. Kanisani walimwita Mhandisi, naye hakuwahi kuwasahihisha.

Oktoba 2011 yakaja mafungu ya karatasi kutoka India. Mkuu wa ofisi, Annkristin, mwanamke mrefu mpole ambaye hajawahi kupandisha sauti tangu azaliwe, akamwekea Damian fungu zima mezani, akamwambia kwamba yeye ataifurahia kazi hiyo, kwa kuwa anatoka huko. Damian akamuuliza huko wapi. Annkristin akachora duara hewani kwa kalamu, duara kubwa lililoanzia Morocco na kuishia karibu na Japani. Damian akalichukua lile fungu bila kusema asante.

Mfuko huo ulikuwa unajenga madaraja ya waenda kwa miguu, na masharti yake yalikuwa mawili. Kijiji kiwe na watu mia tano au zaidi, na kituo cha basi kilicho karibu kiwe mbali kwa zaidi ya kilomita tano. Chini ya watu mia tano, daraja ni ghali mno. Basi likiwa karibu, mna usafiri tayari, mnataka nini tena. Damian alipitisha vijiji tisa na kukataa kumi na kimoja kabla ya kufikia karatasi ya Karvandwadi. Watu mia tano kumi na mmoja, kwa mujibu wa daftari la kijiji. Kituo cha basi, kilomita tatu. Kilishakosa sharti la pili. Alikuwa ameshika kalamu tayari kuandika hapana.

Ila alikuwa na tabia moja aliyobaki nayo tangu enzi za kupima barabara. Hakuamini kilomita ambayo hakuiona. Akafungua picha ya setilaiti. Akakiona kijiji, mapaa kama punje za mahindi zilizomwagika, akaiona barabara ya lami yenye basi, na katikati akaona maji. Si mto. Ulikuwa mkono wa bwawa kubwa lililojengwa miaka ya nyuma, maji yamepanda bondeni yakakata njia ya zamani, hayapungui masika wala kiangazi. Aliyeandika kilomita tatu aliweka rula juu ya ramani, akavuta mstari, akaenda kunywa kahawa.

Damian aliwaka. Chini ya karatasi kulikuwa na namba ya simu ya muuguzi wa zahanati, Sulabha, aliyekuwa pia mtunza daftari la kijiji. Akampigia. Wakaongea Kiingereza cha shule, kila mmoja na chake. Sulabha akamwambia kwamba kituo cha basi kipo, hajadanganywa, wanakiona vizuri sana. Jioni watoto hukaa ukingoni wakilipungia basi mkono, na dereva, akiwa na moyo mzuri, hupiga honi. Kukifikia ndiyo kazi. Unazunguka bwawa lote kwa miguu, unapita kwenye ukuta wake, unarudi upande wa pili. Kilomita kumi na nne. Mwaka uliopita alimsindikiza mama mwenye uchungu njia hiyo, juu ya kitanda cha kamba kilichobebwa na wanaume wanne, na mtoto alizaliwa kwenye kilomita ya tisa. Mama alipona. Kuhusu mtoto Sulabha hakusema, na Damian hakuuliza.

Alikwenda kwa Annkristin na picha mkononi. Annkristin aliitazama kwa makini, akakubali kwamba maji yanaonekana wazi, akasikitika kwamba fomu ya madaraja haina safu ya maji njiani. Safu inauliza umbali, na umbali ni kilomita tatu. Damian akasema kwamba umbali ni wa miguu ya mtu, si wa rula. Annkristin akasema hilo ni wazo la kuvutia na lazima lizungumzwe na wote.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi na Waswidi anajua maana yake. Lilizungumzwa. Wakakutana wote saba mezani, na mikate ya mdalasini, kila mmoja akasema anavyojisikia kuhusu umbali. Wiki iliyofuata wakakutana kupanga namna ya kukutana. Kijana wa safu ya maji alisema anaogopa kwamba wakiruhusu kuzunguka, kila kijiji kitataka kuzunguka. Mama wa safu ya shule alisema anaunga mkono lakini anahisi wanakimbilia uamuzi. Hakuna aliyekataa. Hakuna aliyekubali. Damian alikuwa anarudi nyumbani akiwaigiza wote kwa sauti zao, huku anakata vitunguu kwa nguvu kiasi kwamba Concessa alimpokonya kisu. Wiki saba! Wiki saba za kujadili kama mtu anaweza kutembea juu ya maji.

Lakini alishinda. Katikati ya Desemba Annkristin alimwita ofisini mwake, mshumaa wa Majilio unawaka dirishani, akamwambia kwamba wamekubaliana. Karatasi ya Karvandwadi itafunguliwa upya, na kilomita zitaandikwa kumi na nne. Kuna sharti dogo tu. Karatasi ikifunguliwa, safu zote mbili zijazwe upya ndani ya mwezi mmoja, ili namba ziwe za wakati mmoja. Kwa hiyo watu pia wahesabiwe upya, wale waliopo kijijini, kichwa kwa kichwa. Mwezi achague Damian mwenyewe, wowote kabla ya Juni.

"Januari," Damian akasema. Hakufikiri hata kidogo. Alikuwa amesubiri wiki saba na hakutaka kuwapa nafasi ya kukutana tena. Akampigia Sulabha siku hiyohiyo, akamwambia ushindi umepatikana, kilichobaki ni kuhesabu tu, Januari, waliopo. Sulabha akauliza kama ni lazima iwe Januari. Damian, kwa sauti ya Mhandisi, akamjibu kwamba ofisi imepanga Januari. Ofisi ilikuwa yeye. Sulabha akasema sawa, bwana.

Krismasi ile Damian alikuwa mtu mwingine. Alicheza na kwaya, akamwambia kila aliyekaa karibu naye habari za daraja, hata wale waliokuwa wanatafuta tu njia ya kwenda chooni. Alimweleza shemeji wa Concessa, Alphonse, aliyekuja kutoka Jordbro na sufuria ya pondu, kisamvu cha kwao, jinsi namba moja ya kweli inavyoweza kumvusha mtu maji. Alphonse alimpongeza, akaomba pilipili. Kituoni Fittja basi lilichelewa dakika nne na Damian hakutazama saa.

Tarehe kumi na moja Januari ikaja barua pepe. Sulabha alikuwa amepita nyumba kwa nyumba siku tatu. Watu waliopo: mia tatu arobaini na tatu. Chini yake aliongeza mstari mmoja: nyumba thelathini na tisa zina kufuli.

Damian alisoma ile namba mara nyingi kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Mia tatu arobaini na tatu. Sharti ni mia tano. Alikuwa amerekebisha kosa la watu wengine kwenye safu moja, na safu ya pili imemporomokea. Na namba, kwa utaratibu wa ofisi, ilikuwa imeingia moja kwa moja kwenye mashine, na nakala yake tayari iko kwa Mfuko.

Akampigia Sulabha, na hapa lazima isemwe wazi kwamba alimfokea mtu ambaye hakuwa amemkosea. Alimwambia kwamba daftari lake lilikuwa na mia tano kumi na moja, sasa wengine wameyeyuka? Alimwambia wanaotakiwa ni mia tano, mia tano, hapohapo Januari, si mwezi mwingine, na kwamba yeye ametetea kijiji hicho wiki saba mbele ya watu wasioelewa kitu. Sulabha akasema aliambiwa aandike waliopo. Damian akasema anajua alichosema, akakata simu.

Jioni aliimalizia hasira yote mezani. Alimlaumu Annkristin na fomu yake, akamlaumu aliyetunza daftari, akailaumu serikali ya watu wasiojua idadi ya raia wake. Akili alichukua sahani yake akaenda chumbani. Concessa alikula hadi akamaliza. Kisha akauliza swali moja, kwa Kiswahili chake cha kwao.

"Na bale bengine bako wapi?"

Damian akasema hajui, wamehama, nyumba zao zina kufuli.

"Zina kufuli," Concessa akarudia, akaondoka kwenda kutoa vyombo.

Damian akabaki na kijiko mkononi. Kwao Namtumbo mtu anayehama hafungi kufuli. Mtu anayehama anang'oa mlango, anaubeba, maana mlango ni mbao na mbao ni mali. Kufuli hufungwa na mtu anayekusudia kurudi. Akasimama akaiwasha kompyuta, akasoma habari za mkoa ule, na haikumchukua hata dakika kumi. Oktoba hadi Aprili ni msimu wa kukata miwa. Kutoka vijiji vile vya mashamba makavu familia nzima hupanda malori kwenda mashambani mamia ya kilomita, baba anakata, mama anafunga mizigo, watoto wanazurura kati ya mashina. Mei wanarudi nyumbani. Mei wangekuwepo wote.

Aliumia sana, na aliumia kwa sababu alilijua jambo hilo kabla ya kumjua Annkristin na mshumaa wake. Baba yake mwenyewe alikuwa manamba. Alikwenda mashamba ya katani Tanga mara nne, kila mara mwaka na zaidi, na karani wa kodi alipopita kuuliza, mama alijibu, "Yupo, ameenda Tanga," wala hakuona kama kuna kitu kimegongana katika jibu hilo. Damian alikulia ndani ya nyumba ambamo mtu hupungua mezani bila kupungua nyumbani. Mpimaji mwingine yeyote angesamehewa. Mswidi angesamehewa. Yeye alitakiwa kuuliza swali moja tu, kwenu watu husafiri mwezi gani, nalo halikumjia, kwa sababu alikuwa na haraka ya kushinda mkutano.

Asubuhi alimweleza Annkristin habari za miwa. Annkristin alizielewa mara moja, jambo lililomkera Damian zaidi. Akasema njia ipo. Namba iliyoshatumwa hufunguliwa kwa tamko la kosa. Afisa mwenye safu anaandika barua, anaeleza kosa lilikuwa nini na la nani, anatia saini, na karatasi inabaki wazi hadi mwisho wa Mei. Lakini lazima amkumbushe, akasema kwa upole uleule, kwamba kwa utaratibu wa ofisi aliyetia saini tamko la kosa lake mwenyewe hatii saini safu kwa miaka miwili. Atapewa kazi nyingine hapohapo. Mshahara haubadiliki. Kuna kabati la karatasi za zamani ambalo limengojea mtu wa kulipanga kwa muda mrefu.

Damian alirudi mezani kwake akaandika barua kuhusu fomu. Ilikuwa barua nzuri, kurasa mbili, ikieleza kwamba neno "waliopo" lina utata, na kwamba fomu isiyo na safu ya maji njiani wala ya msimu ni mtego. Annkristin akaipokea, akashukuru, akasema hii ni maoni, si tamko. Kesho yake akaandika nyingine, kuhusu daftari la kijiji na ucheleweshaji wa wiki saba. Ikarudi. Akaandika ya tatu, ndefu kuliko zote, iliyomgusa kila mtu katika ofisi isipokuwa mmoja. Nayo ikarudi, na pembeni Annkristin alikuwa ameandika kwa penseli: Nani alichagua Januari?

Alimchukia kwa penseli ile. Kwa siku nne alikwenda kazini akarudi bila kuandika neno. Hakumpigia Sulabha pia. Alijiambia kwamba hana cha kumwambia bado, kwamba atampigia akiwa na habari njema mkononi, amuombe radhi na kumpa daraja kwa pamoja. Ukweli ni kwamba alikuwa anaona haya. Treni ilipopita juu ya maji ya ziwa Mälaren, yamejaa barafu, alitazama upande mwingine. Akihesabu vizuri, kilichokuwa kinamzuia si kabati la karatasi za zamani. Ilikuwa ni kurudi kanisani Jumapili akiwa si Mhandisi tena, awe yule mtu wa kupanga makabati, kama alivyopanga barua, kama alivyofagia, na miaka yote hii ionekane kama ameenda mduara akarudi mlangoni.

Siku ya kumi tangu afoke kwenye simu, siku ya Jumamosi, alikaa jikoni Fittja na kikombe cha chai na kuandika mistari mitano. Kwamba mwezi wa kuhesabu aliuchagua yeye. Kwamba hakuuliza msimu wa kazi wa watu wa pale, ingawa alipaswa kuuliza. Kwamba muuguzi alihesabu sawasawa kama alivyoambiwa. Kwamba kosa ni lake peke yake. Kwamba anaomba karatasi ifunguliwe hadi Mei. Concessa aliisoma akiwa amesimama, akamwekea sukari kwenye chai, jambo alilokuwa amelikataza tangu daktari amwonye mumewe.

Jumatatu Annkristin aliisoma mara moja, akaipokea kwa mikono miwili. Alimuuliza kama ana hakika. Damian akasema ampe ufunguo wa kabati. Saa tatu asubuhi karatasi ya Karvandwadi ikafunguliwa, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba Damian alijisikia mwepesi, mwepesi na mwenye hasira kidogo, hali ambayo kwake ndiyo afya. Akaichukua simu. Kule kijijini ilikuwa mchana.

Alianza kwa kuomba radhi, haraka, ili imalizike. Akamwambia Sulabha kwamba sasa anajua habari za miwa. Kwamba kosa lilikuwa lake na ameliandika. Karatasi iko wazi hadi mwisho wa Mei, kwa hiyo wasihangaike, wasubiri watu wamalize msimu, warudi kwa wakati wao, wahesabiwe wote kwa utulivu. Daraja halijapotea. Alisema yote hayo kwa mkupuo mmoja, akangoja afurahi.

Sulabha hakufurahi. Nyuma yake Damian alisikia vyuma vikigongana na wanawake wakiitana, kama jikoni kwenye shughuli kubwa.

"Wako njiani," Sulabha akasema.

Damian akauliza akina nani.

Wakata miwa. Wote mia moja sitini na nane. Siku ile aliyofoka, Sulabha alimpigia kiongozi wa kila kundi, akawaambia ofisi inataka vichwa mia tano ndani ya Januari, la sivyo hakuna daraja. Walibishana siku kadhaa. Msimamizi wa mashamba alisema anayeondoka katikati ya msimu asirudi, atachukua watu wengine. Wakaondoka hivyohivyo. Walisafiri usiku na mchana juu ya malori mawili, na alfajiri ya leo walishushwa ng'ambo, pale kituo cha basi, wakaanza kuzunguka bwawa. Wana watoto mgongoni, wana masufuria na magodoro. Wazee wawili wanabebwa.

Damian alisimama. Akauliza kama hawawezi kuambiwa wasubiri palepale, magari yatafutwe, chochote. Akasikia mwenyewe jinsi alivyokuwa anaongea upuuzi. Akauliza, kwa sauti ndogo, kwa nini hakumpigia kwanza, amwambie, angalau aulize kama kuna mwezi mwingine.

"Niliuliza Desemba," Sulabha akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Ukasema ofisi imepanga Januari. Ukarudia tena siku ile, si mwezi mwingine. Sisi tungejuaje, bwana Damian, kwamba hata Mei ilikuwepo?"

Kwenye meza ya pili Annkristin alikuwa anamwelekeza kijana wa safu ya maji namna ya kutia saini mahali palipokuwa pa Damian. Sulabha akaomba radhi kwamba lazima akate simu. Wa kwanza walikuwa wameanza kuonekana kwenye ukuta wa bwawa, na yeye alikuwa na watu wa kuhesabu.